NANI HUTUANDIKIA KABILA?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Buzwagi



Tumeombwa kuzungumza juu ya kabila. Twajua ya kuwa neno hili ni zito. Wako wasemao kwamba halifai kutamkwa kanisani, na wako wasemao kwamba tulikwisha kulizika zamani. Lakini hapa Buzwagi neno hili halikubali kuzikwa. Mgodi ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2009, watu walikuja kutoka pande zote za nchi. Uzalishaji ulikoma mwaka 2021, na wengi wao wamebaki. Wamejenga, wameoa na kuolewa, wamezika wapendwa wao katika ardhi hii. Hata hivyo, kila ipatikanapo nafasi ya kazi, kila kiwanja kinapogawiwa, kila uchaguzi unapofika, swali lile lile hurudi: "Huyu ni mwenyeji, au ni wa kuja?" Na mtu akiwa na jina lenye lafudhi ya Burundi au Rwanda, swali hilo huwa na makali zaidi.

Hatukuja kuwahukumu wanaouliza. Tumekuja kuuliza swali lililojificha nyuma ya hilo: kabila la mtu huandikwa na nani? Tumezoea kujibu kwamba ni damu, ni ukoo, ni baba na babu. Jibu hilo lina ukweli, lakini halikutimia. Shule huandika. Ofisi huandika. Kambi ya wakimbizi huandika. Kanisa nalo huandika. Na kwa kuwa sisi tu miongoni mwa walioshika kalamu, tunalo la kujibu mbele ya Mungu.

Tutaanza mbali kidogo, kwa watu ambao habari zao hazituchomi, ili tutakaporudi nyumbani tuweze kujitazama bila hasira.

1. Wapolandi waliokua chini ya Mlima Meru

Karibu na Arusha, mahali paitwapo Tengeru, katika eneo la chuo cha mifugo, yapo makaburi yapatayo 150 ya watu waliozaliwa Ulaya. Hao hawakuwa watawala wala walowezi. Walikuwa wakimbizi.

Septemba 1939 nchi ya Poland ilivamiwa na Ujerumani kutoka magharibi, na siku chache baadaye na Muungano wa Kisovyeti kutoka mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1941 mamia ya maelfu ya raia wa mikoa ya mashariki walipakiwa katika magari ya moshi na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Waliopata kutoka huko mwaka 1942 walipitia Uajemi, na zaidi ya 18,000 kati yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliletwa Afrika. Katika Tanganyika waliwekwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Katika Uganda waliwekwa Masindi na Koja. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote, yenye watu wapatao 5,000.

Tukumbuke walikotoka. Mikoa ile ya mashariki ilikuwa ya mchanganyiko: Wapolandi, Waukraine, Wabelarus na Wayahudi waliishi kijiji kwa kijiji. Katika sensa ya mwaka 1931, wakazi zaidi ya 700,000 wa mkoa wa Polesie hawakuandikwa kuwa wanasema Kipolandi, wala Kiukraine, wala Kibelarus. Waliandikwa kuwa wanasema "lugha ya hapa". Walipoulizwa kabila, wengi wa watu wa namna hii walijua jibu moja tu: sisi ni watu wa hapa.

Sasa tazameni yaliyotendeka Tengeru. Palijengwa shule zilizofundisha kwa Kipolandi. Palikuwa na kanisa, skauti, kwaya, na sikukuu za taifa ambalo lilikuwa chini ya miguu ya majeshi mengine. Mtoto aliyechukuliwa kwao akiwa na miaka minne, asiyekumbuka theluji wala nyumba ya baba yake, alijifunza mito na wafalme wa Poland akiwa amekaa chini ya Mlima Meru. Akawa Mpolandi kamili, naye alikulia Tanganyika. Bila shule ile na kanisa lile, huenda watoto hao wangekuwa watu wasio na jina. Hapa twaona wema wa taasisi: ziliwashika mkono yatima, zikawaambia, "Ninyi si takataka za vita. Ninyi ni watu, mna lugha, mna wahenga."

Lakini vita vilipokwisha, mikoa yao ilibaki mikononi mwa Wasovyeti, na Poland yenyewe ikawa chini ya serikali ya kikomunisti. Mwaka 1949 padre Łucjan Królikowski aliwaongoza yatima wapatao 150 kutoka Tengeru hadi Kanada. Serikali ya Warsaw ikalalamika kwamba watoto wake wameibwa. Fikirini jambo hilo: serikali kwa upande mmoja, Kanisa kwa upande mwingine, kila mmoja akisema, "Watoto hawa ni wangu." Taasisi inayompa mtoto jina hupata pia nguvu ya kumdai.

2. Kalamu moja, kazi mbili

Wapolandi wengi hawakuhama kamwe. Mipaka ndiyo iliyohama, nao wakajikuta raia wa nchi jirani. Tukiwalinganisha wale wa Lithuania, wa Ukraine na wa Belarus, tutaona jinsi watu wenye asili moja walivyofanywa tofauti na taasisi walizokutana nazo.

Katika Lithuania, sensa ya mwaka 2021 ilihesabu Wapolandi wapatao 183,000. Wanazo shule zinazofundisha kwa Kipolandi kuanzia darasa la kwanza hadi mwisho wa sekondari, na wengi wao bado husema Kipolandi nyumbani. Hata hivyo kwa miaka mingi majina yao katika vitambulisho yaliandikwa kwa herufi za Kilithuania tu. Sheria ya kuruhusu herufi kama "w" ilipitishwa mwaka 2022. Msicheke mkidhani kwamba herufi moja ni jambo dogo. Mtu ambaye jina lake limekosewa katika kitambulisho anajua uchungu wake, na hapa kwetu wapo.

Katika Ukraine, sensa ya mwaka 2001 ilihesabu Wapolandi wapatao 144,000, lakini waliotaja Kipolandi kuwa lugha yao ya mama walikuwa wachache sana. Shule zao nyingi zilikuwa zimefungwa tangu enzi za Kisovyeti. Kwa wengi kilichobaki ni kanisa. Kwa muda mrefu mtu wa huko aliyesali Kikatoliki kwa utaratibu wa Roma alihesabiwa kuwa Mpolandi, hata kama nyumbani alisema Kiukraine. Tangu mwaka 1991 parokia nyingi zimeanza kusali kwa Kiukraine, na baadhi ya wazee wamelia kwamba wamenyang'anywa sala za mama zao. Je, sisi hatukuwahi kubishana juu ya Misa ya Kiswahili na Misa ya Kisukuma? Lugha ya altareni huwaambia watu ni nani aliye nyumbani na ni nani aliye mgeni.

Katika Belarus walihesabiwa wapatao 288,000 mwaka 2019. Zilikuwapo shule mbili zilizofundisha kwa Kipolandi, mjini Grodno na Volkovysk. Mwaka 2022 zikageuzwa kufundisha kwa Kirusi. Hakuna damu iliyobadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni amri.

Liko pia fundisho la kutisha. Mwaka 1925 Wasovyeti waliwaundia Wapolandi wa Ukraine wilaya yao wenyewe, yenye shule, magazeti na mabaraza kwa Kipolandi. Ilionekana kuwa heshima kubwa. Mwaka 1935 wilaya hiyo ikavunjwa, na mwaka uliofuata maelfu kwa maelfu ya wakazi wake wakahamishwa kwa nguvu kwenda Kazakhstan. Katika miaka ya 1937 na 1938, katika msako ulioitwa wa Wapolandi, watu zaidi ya 111,000 waliuawa. Tangu mwaka 1932 raia wengi walikuwa wamekwisha kupewa pasi za ndani zenye nafasi ya kuandikia taifa la mtu. Watu waliotafutwa walikuwa wamekwisha andikwa. Orodha iliyotungwa kuwainua ikawa tayari kuwaangamiza.

Jirani zetu wa Rwanda wanalijua jambo hili kuliko sisi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulitoa vitambulisho vyenye kabila la kila mtu. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, vitambulisho hivyo vilitosha kuamua nani apite na nani afe. Wengi waliuawa ndani ya makanisa, mikononi mwa watu waliobatizwa. Tume ya Haki na Amani isiyolikumbuka hilo haina haki ya kuitwa kwa jina lake.

3. Kambini na mjini

Tusogee karibu zaidi. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji nchini mwao wakaingia Tanzania. Wengi waliwekwa katika makazi ya wakimbizi: Ulyankulu, kusini-magharibi mwa Kahama yetu, kisha Katumba, na baadaye Mishamo. Wengine waliingia mjini Kigoma kimya kimya, wakapanga vyumba na kutafuta riziki.

Katika miaka ya 1985 na 1986 mtafiti mmoja, Liisa Malkki, aliishi na makundi hayo mawili. Alikuta kwamba watu wa Mishamo, waliowekwa mahali pamoja chini ya usimamizi wa kambi, walishikilia sana kwamba wao ni Wahutu waliofukuzwa, na walisimuliana historia yao kama taifa lililo uhamishoni. Wale wa Kigoma hawakuwa hivyo. Walioa na kuolewa na wenyeji, wakabadili majina inapobidi, na kabila halikuwa jambo la kwanza walilolitaja. Watu walewale, msiba uleule, mwaka uleule. Lakini kambi ilikaza fundo, na mtaa wa mji ulililegeza.

Mwaka 2014 Serikali yetu ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia wakimbizi hao wa mwaka 1972 na watoto wao, jumla yao wapatao 162,000. Ni tendo ambalo nchi chache duniani zimethubutu kulifanya, na tuna haki ya kujivunia. Lakini mwaka mmoja kabla yake, mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji wasio na kibali. Miongoni mwa maelfu walioondoka walikuwamo watu waliokaa miongo mingi, wenye wake, waume na watoto wa hapa. Tusisahau kwamba nchi ni moja, na tofauti kati ya cheti na lori mara nyingine ilikuwa ni karatasi moja, au neno la jirani mmoja.

Na wale waliopata vyeti, tunawaitaje? Wengi huwaita "raia wapya". Tunauliza kwa unyenyekevu: mtoto aliyezaliwa Ulyankulu, mama yake akiwa amezaliwa Ulyankulu, ataacha lini kuwa mpya?

4. Hata jina letu liliandikwa

Pengine mmoja wenu anasema moyoni: hayo ni ya wageni, sisi kabila letu ni la asili. Basi tuyatazame majina yetu.

Sukuma maana yake ni kaskazini. Dakama ni kusini, Kiya ni mashariki, Ng'weli ni magharibi. Aliyekuwa Msukuma kwa jirani yake wa kusini aliweza kuwa Mdakama kwa jirani yake wa kaskazini. Na jina la Mnyamwezi lilienezwa na watu wa pwani walipowaita wapagazi watokao bara. Wazee wetu walipoulizwa wao ni nani, walitaja kwanza nchi ya mtemi wao: Nera, au Busiya, au nyingine. Nao pia, kwa namna yao, walikuwa watu wa hapa.

Kisha zikaja kalamu. Mwaka 1926 serikali ya Gavana Cameron ilitunga sheria ya mamlaka za wenyeji, na kila mtu akatakiwa awe na kabila na mtawala wa kabila. Katika miaka ya 1940 watemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho lenye makao yake Malya. Wamisionari waliandika katekisimu kwa lugha za huku. Huko Bujora, padre David Clement alijenga makumbusho ya Wasukuma, na ngoma zikaingia katika sikukuu ya Ekaristi. Hatusemi kwamba mambo hayo yalikuwa mabaya, mengi twayapenda. Twasema tu kwamba Usukuma mkubwa tunaoujua leo ulijengwa, tena kwa mikono mingi, na mkono wa Kanisa ukiwamo.

Baada ya Uhuru, kalamu ilipita kwa wengine. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Sensa ya mwaka 1967 iliandika makabila. Zilizofuata hazikuuliza tena. Kijana wa Shinyanga alipelekwa kusoma Songea, na wa Bukoba akaja Shinyanga. Ndiyo maana mgeni akituuliza leo, wengi wetu tunajibu "Mtanzania" bila kulazimishwa. Utanzania nao haukudondoka kutoka mbinguni. Ulifundishwa, na kisichoendelea kufundishwa husahaulika.

5. Kalamu iliyo mikononi mwetu

Tukirudi hapa Buzwagi, tunaona kwamba Jumuiya zetu nazo ni taasisi, na kila wiki zinaandika. Zinaandika katika rejista, katika uchaguzi wa viongozi, na zaidi ya yote zinaandika msibani. Katika miji kama huu, watu wa kabila moja huunda vyama vya kuzikana. Ni jambo la upendo. Lakini ikiwa mtu amesali nasi miaka kumi, na siku ya kufa anayejitokeza ni chama cha kabila lake peke yake, basi Jumuiya imekwisha kuandika juu ya jeneza lake neno "mgeni".

Wahenga wetu walikuwa na hekima hapa. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, wa Wanyamwezi na Wagogo, haukufuta makabila. Uliyataja kwa sauti, tena msibani mbele ya wafiwa. Lakini mtani aliyekutania ndiye aliyelazimika kukusaidia kuzika. Jina la kabila lilibaki, sumu yake ikatolewa.

Na Maandiko yanatupa mfano. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaeleza jinsi wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walivyosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakujibu kwamba katika Kristo hakuna kabila, kisha wakaendelea kula. Waliukubali ukweli wa malalamiko, wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia huduma; na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Waliosahauliwa walikabidhiwa ghala. Hiyo ndiyo haki, na amani ilifuata baada yake.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Mwanza na Tabora mwaka 1990, alikuwa mwana wa Poland, nchi ambayo ilipata kufutwa katika ramani kwa zaidi ya miaka mia moja. Alilipenda taifa lake bila aibu. Naye ndiye aliyetutia moyo, katika waraka wake kwa Afrika wa mwaka 1995, tuliishi Kanisa kama Familia ya Mungu. Kulipenda kabila lako na kumpa mwenzako kiti mezani ni mambo yawezekanayo kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo Tume inapendekeza mambo manne.

Kwanza, rejista zetu za ubatizo na ndoa zitunzwe kwa uangalifu mkubwa, majina yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika, na mtu anayeomba cheti chake asizungushwe. Karatasi hiyo anaweza kuihitaji siku atakapoulizwa alizaliwa wapi.

Pili, kiongozi wa Jumuiya akiombwa kutoa ushuhuda juu ya asili ya jirani, aseme anachokijua, na asiseme asichokijua. Ushuhuda wa uongo ni kosa dhidi ya amri ya nane, na hapa unaweza kumtenga mama na watoto wake.

Tatu, kila Jumuiya iwe na utaratibu wa maziko usiotegemea kabila, na aliye mpweke awe wa kwanza kufikiriwa.

Nne, katika kila uchaguzi tujiulize: je, wapo waliosahauliwa kama wale wajane? Wakiwapo, tuwakabidhi kazi yenye uzito, siyo kufagia tu.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu ni nani anayeitwa "wa kuja"? Ameishi hapa miaka mingapi?

2. Ni taasisi zipi zilizotufundisha kabila letu, na zipi zilizotufundisha Utanzania? Zilifanyaje?

3. Mara ya mwisho tulipozika, nani alichimba kaburi, nani alikaa kando, na kwa sababu gani?

Ndugu wapendwa, siku ya mwisho kitabu kitafunguliwa, na majina yetu yatasomwa na Yeye aliyetuumba. Hadi siku hiyo ametuachia madaftari machache ya kuandikia: rejista ya parokia, orodha ya Jumuiya, daftari la msiba. Tuyafungue jioni hii tutakaporudi nyumbani, tuangalie ni jina la nani halimo.

Tumsifu Yesu Kristo.